Kilichomo Kashani

Hapa Kikuyu, Dodoma, siku ya kawaida tu, unaingia duka la dawa, unamlipa keshia, unatoka na kapsuli zako. Nyumbani unaziweka juu ya kasha la mama, lile la mbao lenye kanga na vyeti vya ubatizo, kando ya kaseti za zamani za kwaya. Keshia, kapsuli, kasha, kaseti: hawa wote ni ukoo mmoja.

Bibi yao ni neno la Kilatini, capsa. Warumi waliliita hivyo kasha la kutunzia maandishi yao yaliyoviringishwa, na asili yake ni kitenzi cha kushika. Wareno wakasema caixa, wakaja nalo pwani yetu kuanzia mwaka 1498. Walifukuzwa Mombasa mwaka 1698, lakini kasha likabaki, likapanda hadi huku bara. Wafaransa wao wakasema caisse, na kijikasha wakakiita cassette. Kwa caisse walimaanisha pia sanduku la fedha. Waingereza wakalipokea neno hilo wakalifanya cash, na baadaye likawa fedha yenyewe.

Nimelitafakari sana jambo hilo. Jina la chombo limekuwa jina la kilichomo! Bwana Yesu alifundisha, katika Luka 6, kwamba mtu hutoa akiba ya moyo wake, na kinywa husema yaliyojaa ndani. Je, moyo wako ungepewa jina la kilichomo leo, ungeitwaje?

Sikuulizi ili kukulaumu. Najua yapo yaliyoingia bila kubisha hodi: neno la shemeji pale msibani, ndugu aliyekopa akanyamaza. Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba upendo hauweki hesabu ya mabaya. Nawe pengine umejaribu. Ulisamehe Jumapili, Jumanne uchungu ukawa umerudi mahali pake. Hilo halimaanishi kwamba ulidanganya. Petro alipomuuliza Yesu asamehe mara ngapi, alitajiwa mara nyingi mno, na huwa nafikiri hata kosa moja laweza kuhitaji mara zote hizo, asubuhi baada ya asubuhi.

Basi wiki hii chagua jina moja tu la aliyekukosea. Mwombee mwenye jina hilo kila siku kabla hujatoka nyumbani, na ikifika Jumamosi mpigie simu, umjulie hali.