Bakuli la Huruma

Swali hili huulizwa katika parokia zetu kila mara tunapotengeneza mchezo wa mpira ili kupata feza ya mabati ya kanisa: mtu aliyelipa mlangoni apate kushangilia, je, ametoa sadaka, ao amejinunulia furaha tu?

Tulipime kwa mfano wa Marekani. Huko vyuo vikuu hushindana kwa mpira wa namna yao, wenye umbo la yai, unaobebwa mikononi. Mwisho wa mashindano, timu zilizosifika hualikwa kwenye mchezo wa nyongeza uitwao bowl, ndiyo kusema bakuli. Mingi ilianzishwa kwa faida ya miji, na mingine imekwisha kufa, kama Bluebonnet Bowl ya Houston, iliyodumu toka 1959 hata 1987.

Mercy Bowl, Bakuli la Huruma, lilizaliwa kwa msiba. Tarehe 29 Oktoba 1960 timu ya Cal Poly ilishindwa na Bowling Green, kule Ohio. Wachezaji hao walitoka San Luis Obispo, mji wa California uliokua kando ya misioni ya Wafransisko ya mwaka 1772. Usiku ule ndege yao iliruka toka Toledo katika ukungu mzito, imepakizwa kupita kiasi, ikaanguka. Walikuwamo watu 48; wakafa 22, na 16 kati yao ni wachezaji.

Tarehe 23 Novemba 1961, sikukuu yao ya kumshukuru Mungu, Bowling Green walikwenda Los Angeles kucheza na Fresno State, jirani za marehemu. Watu zaidi ya 33,000 walikuja. Fresno ikashinda 36 kwa 6, na feza ikawekwa kwa ajili ya majeruhi na jamaa za waliokufa.

Wako watakaosema: Bwana alitufundisha kutoa kwa siri, na hapa pana tarumbeta! Lakini Bwana alimkemea mwenye kutafuta sifa. Katika watu 33,000, nani alimsifu mwenye tikiti moja? Mjane hakumjua, wala hakulazimika kumpigia magoti. Kwa maoni yetu hilo si jambo dogo, maana sadaka nyingine humwaibisha anayeipokea.

Hatari tunaiona penginepo: mtu alipe, afurahi, kisha ahesabu deni lake limekwisha, asimtembelee mgonjwa hata mmoja. Vijana wa Bowling Green, ambao hawakuwa na kosa lolote, walivuka nchi nzima kwa ajili ya wale waliocheza nao siku ya mwisho. Hapo huruma yaonekana kuliko mlangoni.

Na mchezo wa namna hii usiporudi, tusiulilie. Kutamani uchezwe kila mwaka ni kungojea maiti. Ulirudi mara moja, Desemba 1971, kule Anaheim, baada ya walimu watatu wa timu ya Fullerton kufa pamoja na rubani wao katika ndege mwezi uliotangulia. Fresno State walikuja tena. Safari hii walishindwa, 17 kwa 14.