Miti Iliyo Chini ya Maji



Je, ni halali Mkristo kufurahia kitu kizuri, hali akijua kwamba kimelipiwa kwa machozi ya wengine? Swali hili lilitukuta mahali ambapo hatukulitazamia, katika matembezi ya Jumapili alasiri mjini Amsterdam, Uholanzi.

Asubuhi tulikuwa tumesali katika kanisa la Kianglikana lililo kando ya mfereji uitwao Groenburgwal. Baada ya chakula tukatoka kutembea polepole, bila haraka wala shughuli. Tulivuka mto Amstel, tukaufuata mfereji wa Herengracht. Jua lilikuwa la upole. Mashua zilipita chini ya madaraja, na nyumba ndefu nyembamba zilijitazama majini kama katika kioo. Tulimshukuru Mungu kwa siku ile.

Mwenyeji wetu alitueleza jinsi mji ulivyojengwa. Mifereji mikubwa ilianza kuchimbwa mwaka 1613. Ardhi ya pale ni tope, haiwezi kubeba nyumba. Kwa hiyo mafundi walishindilia magogo marefu mpaka yakafika kwenye mchanga mgumu, ndipo wakajenga juu yake. Jumba la Kifalme peke yake lasimama juu ya magogo 13,659. Magogo hayo hudumu miaka mingi maadamu yamefunikwa na maji. Yakipata hewa, huanza kuoza, na nyumba iliyo juu huinama.

Mwendo si mrefu tukafika nyumba namba 502, makao rasmi ya meya. Ni nyumba nzuri sana. Mwenyeji wetu akatuambia kwamba ilijengwa kwa ajili ya Paulus Godin, mmoja wa wakurugenzi wa Kampuni ya Uholanzi ya West Indies, aliyefanya biashara ya watumwa. Mji wenyewe, kuanzia mwaka 1683, ulikuwa na hisa katika shirika lililomiliki koloni la Suriname, ambako Waafrika walilimishwa miwa kwa mijeledi. Utumwa huo ulifutwa tarehe 1 Julai 1863. Tarehe kama hiyo, mwaka 2021, meya Femke Halsema aliomba radhi kwa niaba ya mji.

Hapo mazungumzo yetu yakabadilika. Mmoja wetu akasema, “Jamani, waliotenda wamekufa na waliotendwa wamekufa. Uzuri ni kipaji cha Mungu. Tutembee kwa furaha.” Mwingine akajibu, “Mimi siwezi tena kuutazama mfereji huu. Naona mababu zetu ndani ya maji.” Tukaendelea kutembea kwa muda bila kusema neno.

Tulipotafakari, tuliona kwamba kila mmoja alikuwa na sehemu ya kweli. Maji yale hayakutenda dhambi, wala fundi aliyepanga matofali yale kwa ustadi. Kuuchukia uzuri hakumrudishii mtumwa hata siku moja ya uhai wake. Lakini kufurahi huku tumefumba macho ni kumnyang’anya mara ya pili: kwanza nguvu zake, kisha kumbukumbu yake. Magogo hufaa yakikaa gizani chini ya maji. Dhambi sivyo. Dhambi ikifichwa ndipo inapooza, na nyumba inayosimama juu yake huinama. Nabii Habakuki alikwisha kuona jambo hili, alipotoa habari za nyumba iliyojengwa kwa mapato ya udhalimu, ambayo jiwe lake hulia na boriti yake huitikia.

Wala tusiwanyoshee Waholanzi kidole, tukasahau boriti iliyo jichoni mwetu. Harufu ya karafuu za Unguja na Pemba ni nzuri; lakini mashamba yale yalilimwa na watumwa, mpaka ilipotoka amri ya mwaka 1897. Nasi Waanglikana tunao mfano wetu. Soko la watumwa la Zanzibar lilipofungwa mwaka 1873, kanisa la Mkunazini lilijengwa papo hapo, na altare yake, kama tulivyofundishwa, iko mahali uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Mahali pale hapakukimbiwa, wala hapakufichwa. Meza ya Bwana iliwekwa juu ya jeraha lenyewe, ili kila apigaye magoti pale akumbuke.

Basi, jibu letu ni hili: yafaa kufurahi, lakini kwa sharti la kuuliza, “Nani aliyelipa?” Nehemia alipoungama dhambi za baba zake hakusema “wao”, alijihesabu pamoja nao. Lakini maungamo yasiishie midomoni. Waliokufa hatuwezi kuwalipa; walio hai twaweza. Binti anayetupikia na kutufulia nyumbani, je, amepata mshahara wake wa mwezi uliopita? Kibarua aliyebeba mawe ya ukuta wetu mpya, je, tulimlipa siku ile ile, au tulimwambia aje kesho, na kesho tena? Na pesa aliyotuletea ndugu yetu kwa ajili ya ujenzi wa kanisa, tukaipokea kwa makofi, je, tulithubutu kuuliza ilikotoka?

Jioni tulirudi kwa njia ile ile. Taa zilikuwa zimewashwa, na mifereji ilipendeza kuliko mchana. Tulipofika tena mbele ya namba 502 tukasimama kidogo, tukawaombea wale ambao majina yao hatuyajui. Kisha tukaendelea, na yule mwenzetu aliyekuwa hawezi kuyatazama maji, aliyatazama.

Mungu atujalie macho ya kuona yaliyo chini ya furaha zetu, na mikono myepesi ya kulipa madeni yetu. Amina.