Moshi Hauna Mpaka: Haki ya Anayevuta na Haki ya Jirani Yake



Katika vikundi vyetu vya maombi vya nyumbani limeulizwa swali ambalo haliwezi kumalizwa kwa dakika chache baada ya Neno. Je, mtu anayevuta sigara ana haki ya kuvuta? Mwili ni wake, fedha ni zake, kosa liko wapi? Wengine hujibu upesi kwamba ni dhambi, atengwe na Meza ya Bwana. Wengine husema mwacheni, mtu huyu amepoteza nyumba, shamba na ndugu, kwa nini mmnyang'anye hata hicho kidogo? Tumeona vema tuliandike jambo hili kwa utaratibu, maana pande zote mbili zina neno la kusikilizwa.

TUANZE NA UPANDE WA MVUTAJI

Biblia haitaji tumbaku popote. Mmea huu asili yake ni Amerika, nao ulifika Afrika baada ya meli za Ulaya kuvuka bahari ile mwishoni mwa karne ya 15. Kwa hiyo anayesimama na kusema kwamba imeandikwa usivute, anaongeza neno lisiloandikwa. Tena katika Mathayo 15 Bwana wetu alifundisha kwamba unajisi wa mtu hutoka moyoni. Naye Paulo katika Warumi 14 aliwaonya waamini wasihukumiane kwa sababu ya vyakula.

Watumishi wakubwa wa Mungu nao waliwahi kugawanyika hapa. Charles Spurgeon, mhubiri wa Kibaptisti wa London ambaye mahubiri yake yanasomwa hadi leo, alikuwa akivuta sigara kubwa za majani. Mwaka 1874 mhubiri mgeni alisema mbele ya kusanyiko lake kwamba uvutaji ni dhambi. Spurgeon alisimama palepale na kueleza kwamba yeye hakuona dhambi ndani yake, na kwamba angeendelea kuvuta kwa utukufu wa Mungu. Maneno yake yalizua mabishano makubwa magazetini. Lakini tukumbuke kwamba wakati ule sayansi ilikuwa haijafunua jambo. Ni mwaka 1950 ndipo Richard Doll na Austin Bradford Hill walipochapisha huko Uingereza utafiti uliounganisha sigara na saratani ya mapafu. Spurgeon hakuyajua hayo. Sisi tunayajua, na anayejua anadaiwa zaidi.

HESABU INAYOWEZA KUTUPOTOSHA

Wengi wanaopinga sigara huanza na gharama. Ni kweli gharama ni kubwa. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na kati yao zaidi ya milioni 1 ni watu wasiovuta, bali walivuta moshi wa wengine. Watafiti walikadiria kwamba kwa mwaka 2012 peke yake magonjwa ya sigara yaliigharimu dunia dola trilioni 1.4, yaani matibabu pamoja na kazi ambayo wagonjwa na marehemu hawakuifanya. Na wavutaji wengi sana, kama 80 katika kila 100, wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati.

Lakini tuwe waangalifu na njia hii. Mwaka 2001 kampuni ya sigara ya Philip Morris ililipia ripoti kuhusu nchi ya Cheki. Ripoti hiyo ilisema serikali inapata faida kwa uvutaji, kwa sababu pamoja na kodi, wavutaji hufa mapema na hivyo serikali huokoa fedha za pensheni, nyumba na matibabu ya wazee. Watu walikasirika sana, na kampuni ikalazimika kuomba radhi.

Kwa nini walikasirika? Si kwa sababu ya kujumlisha na kutoa. Walikasirika kwa sababu mtu alikuwa amepimwa kama mzigo, na kifo chake kimeandikwa upande wa faida. Wapendwa, sisi tunaoishi ukimbizini tunaijua lugha hiyo. Tumesikia tukiitwa mzigo kwa nchi iliyotupokea, tukihesabiwa kwa magunia ya posho na idadi ya turubai. Tukimwambia ndugu yetu anayevuta kwamba anatugharimu, tutakuwa tumeokota fimbo ileile tuliyochapwa nayo. Mgonjwa wa kifua akifika kwenye kituo cha afya asiulizwe kwanza kama alistahili ugonjwa wake. Ana haki ya dawa kama mwingine yeyote, na ana haki ya kiti chake kanisani.

Basi kama gharama si hoja ya kwanza, hoja ya kwanza ni ipi? Ni jirani.

HEWA NI YA NANI?

Hapa Uganda swali hili liliwahi kufika mahakamani. Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 39, inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya. Mwaka 2002 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuvuta sigara mahali pa watu wote kunavunja haki hiyo ya wasiovuta. Kisha ikaja Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2015, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2016. Inakataza kuvuta katika majengo ya watu wote, sehemu za kazi na vyombo vya usafiri, pamoja na umbali wa mita 50 kutoka hapo. Inakataza kumuuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 21, na inakataza kuuza sigara mojamoja. Kampuni ya British American Tobacco Uganda ilienda Mahakama ya Katiba kuipinga, na mwaka 2019 mahakama ikalitupa ombi lake.

Tazama kwamba sheria haikusema mvutaji si mtu. Imesema tu kwamba uhuru wake unakoma pale hewa ya mwenzake inapoanza.

Sasa tuilete sheria hii nyumbani. Katika makazi yetu nyumba nyingi ni chumba kimoja au viwili, na wengine bado wako chini ya turubai. Baba akivuta usiku mvua ikinyesha, moshi hauna pa kwenda. Unalala pamoja na watoto. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na kadhaa kati yake huleta saratani. Watoto wanaouvuta hupata zaidi pumu, nimonia na maumivu ya masikio. Na uvutaji humwongezea mtu hatari ya kuugua kifua kikuu karibu mara mbili, ugonjwa unaopenda mahali watu wanapolala wengi pamoja. Polisi hawezi kuingia kila nyumba kupima moshi. Hapo ndipo sheria ya serikali inapoishia, na sheria ya upendo inapopaswa kuendelea.

Jirani mwingine ni sufuria. Sigara 5 kwa siku ni sigara 150 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 1,825. Kila msomaji azidishe kwa bei ya dukani kwake, kisha aweke hesabu hiyo kando ya daftari za shule, sabuni na mafuta ya kupikia. Fedha ambayo familia imepewa kwa ajili ya chakula si ya mtu mmoja, hata kama jina kwenye kadi ni la mmoja.

JE, UHURU WAKE NI UHURU?

Mvutaji husema amechagua mwenyewe. Tumheshimu, lakini tumwulize: ulichagua ukiwa na umri gani? Wavutaji wengi walianza wakiwa vijana, kabla ya kujua bei yake. Nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache, na baada ya muda ubongo huidai. Asipoipata huwa na hasira, na usingizi hukimbia. Akivuta, anatulia. Basi anasema sigara inamtuliza mawazo ya vita. Kwa sehemu kubwa utulivu huo ni wa mtu aliyelipa deni kwa mkopeshaji yuleyule aliyemkopesha asubuhi, na jioni atarudi tena kudai. Watafiti wameona kwamba walioacha, baada ya wiki ngumu za mwanzo, huwa na wasiwasi mdogo kuliko walipokuwa wakivuta.

Paulo katika 1 Wakorintho 6 alikubali kwamba ana ruhusa nyingi, lakini akakataa kutawaliwa na kitu chochote. Hicho ndicho kipimo. Haki ambayo huwezi kuiacha hata ukitaka, imekuwa bwana wako.

TUSIWASAHAU WANAOPATA MKATE HAPO

Kuna mama anayeuza sigara mojamoja sokoni ili mtoto avae sare ya shule. Kuna vijana wanaofanya leja-leja kwenye mashamba ya tumbaku, zao lililolimwa Bunyoro na West Nile kwa miaka mingi. Anayechuma majani yenye umande hupitishiwa nikotini kwenye ngozi, akapata kizunguzungu na kutapika bila kuvuta hata mara moja. Kumwambia mama huyo aache biashara bila kumsaidia kupata mtaji wa nyanya au maharage ni kumfungia mtu mzigo tusiougusa hata kwa kidole. Lakini pia tusinyamaze anapomuuzia mtoto.

TUFANYE NINI?

Maoni yetu ni haya. Kanisa lisimtenge mvutaji, wala lisimchekeshe mimbarani. Bali mvutaji naye akubali mambo matatu: asivute ndani ya nyumba wala karibu na watoto na mama mjamzito, asiguse fedha ya chakula, asimtume mtoto dukani kumnunulia. Haya hayamwondolei haki yake. Yanamrudishia jirani haki yake. Paulo alikuwa tayari kuacha nyama maisha yote kwa ajili ya ndugu mmoja dhaifu, na nyama haikuwa na sumu.

Na anayetaka kuacha asiachwe peke yake. Amwambie mkewe au mumewe, achague siku, aombe ushauri kwa wahudumu wa afya, na kikundi chake kimtembelee hasa wiki mbili za kwanza. Akianguka, aanze tena. Wala mzee asiseme amechelewa. Utafiti wa Doll uliowafuata madaktari wa Uingereza kwa miaka 50, ukachapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba wavutaji walikufa kama miaka 10 mapema. Lakini aliyeacha akiwa na miaka 60 alipata kama miaka 3 ya maisha, mwenye 50 miaka 6, mwenye 40 miaka 9, na mwenye 30 karibu yote 10. Miaka mitatu inatosha kumwona mjukuu akianza shule.

Maswali ya kujadili nyumbani (someni kwanza Warumi 14 na 1 Wakorintho 8):
1. Ni haki gani tunayoidai sisi wenyewe ambayo inamwumiza jirani?
2. Katika kikundi chetu, nani anahitaji kusaidiwa kuacha, na nani atamtembelea?
3. Mama anayeuza sigara akitaka biashara nyingine, tutamsaidiaje?

Mungu wa amani azilinde nyumba zetu na pumzi za watoto wetu. Amina.