Deheni Juu ya Mti Mbovu

Sisi watu wa Kilosa hatuna bahari. Tunao mto Mkondoa, ambao kiangazi mtoto huuvuka akicheza na masika humeza nyumba. Kwa hiyo msomaji asishangae kuona mwalimu mstaafu wa huku akiandika habari za mkuku wa mashua. Shemeji yangu ni mtu wa Bagamoyo, na nilipostaafu alinishawishi tukanunua kwa ubia mashua kuukuu ya kuvulia samaki. Fungu langu lilitoka katika kiinua mgongo.

Miaka michache baadaye alikuwa akitoka Ifakara kununua mchele, tukakutana njia panda ya Mikumi. Alinipa kitu kilichofungwa kwa gazeti. Kilikuwa kipande cha mti, kigumu upande mmoja. Upande wa pili nilikibonyeza kwa kidole, kikabonyea kama muhogo uliooza.

"Mkuku huo, shemeji," akasema.

Mkuku ni ule mti mrefu wa chini kabisa, uti wa mgongo wa chombo. Mataruma husimama juu yake, na mbao za ubavuni huanzia hapo. Kuutengeneza kwa haki ni kazi: chombo kipandishwe pwani wakati wa bamvua, mbao za chini zing'olewe pande zote mbili, sehemu mbovu ikatwe, mti mpya uungwe kwa mshazari mrefu, kisha kila mwanya utiwe pamba. Iko na njia fupi: kuziba shimo, kushindilia pamba, kupaka deheni, na kuuza. Mnunuzi alikwisha kupatikana, na wavuvi wake wanane.

"Halionekani," shemeji akaniambia. "Na chombo kikuukuu kila mtu anajua kina maradhi. Naye ana macho."

Hoja hiyo si ya kipuuzi. Kama kila muuzaji angelazimika kutaja kila ufa, soko la Kilosa lingefungwa kabla ya saa nne asubuhi. Mimi mwenyewe niliwahi kuuza baiskeli bila kuhubiri habari za mnyororo wake. Lakini njiani kurudi nyumbani nilijiuliza: deheni ni nini? Ni chokaa na mafuta. Juu ya mti mzima humlinda mvuvi na wadudu wa baharini. Juu ya mti mbovu humlinda muuzaji. Mkono unaopaka ni ule ule. Kunyamaza ni jambo moja. Kumfumba mwenzio macho kwa viganja vyako, kisha ukasema anayo macho, ni jambo jingine. Hata zile mashua za starehe za Wazungu, zenye mkuku wa chuma unaoinuliwa kwa waya maji yakipungua, mzigo wote hubembea juu ya pini moja iliyofichika, nayo yaweza kuliwa na kutu huku rangi inang'aa. Na sisi tuliokuwapo Kilosa mwishoni mwa mwaka 2009, mto ulipobomoa tuta, tunajua kulala usingizi nyuma ya kitu usichokikagua.

Nami nilikwisha kupaka deheni. Nikiwa mwalimu mkuu nilipokea mwanachuo wa ualimu aliyekuja kwa mazoezi ya kufundisha. Hesabu za sehemu zilimshinda. Mbele ya darasa alijumlisha nusu na theluthi akapata mbili ya tano. Alikuwa kijana mwenye adabu, mama yake mjane. Nikaandika kwamba anafaa. Hakuna aliyeniuliza.

Nilimpigia shemeji simu, nikamwambia tuutengeneze au mnunuzi auone mkuku kabla ya kulipa. Akamwonyesha. Bei ilishuka karibu nusu, na mnunuzi akabadilisha mti mwenyewe. Shemeji hakunisemesha hadi Idi iliyofuata, wala simlaumu. Mimi nina pensheni, yeye alikuwa na mashua. Kiasi gani cha ukweli wangu kililipwa kwa mfuko wake, sijui kupiga hesabu hiyo.

Yule kijana wa sehemu sijamtafuta.