Kwa nini alikwenda baa?



Kijana mmoja wa kwaya huko Kibaha alinisubiri baada ya Misa (ameniruhusu nisimulie). Kila Jumamosi hupanda daladala hadi Dar, kwenye baa moja. "Frateri, hata pombe sinywi sana. Pale hakuna anayeniuliza naoa lini." Halafu akaniambia kwa nini swali hilo linamuumiza. Mmeshaelewa.

Niliishiwa maneno, mimi na digrii yangu ya falsafa! Aristotle alifundisha kwamba hakuna ambaye angechagua kuishi bila marafiki, hata awe na mema mengine yote. Nililiandika hilo kwenye mtihani. Sikujua lina sura ya mtu.

Uingereza hadi 1967 mwanaume aliyelala na mwanaume angeweza kufungwa, hata kama ilikuwa faraghani. London watu hao walikuwa na baa zao, kwanza za kificho, baadaye za wazi, hasa Soho. Bia ya pale haikuwa tamu kuliko ya kwingine. Nyumbani, kazini na, tuseme ukweli, kanisani, walikaa kwa kuigiza. Tarehe 30 Aprili 1999 mtu mwenye chuki alitega bomu katika baa mojawapo, Admiral Duncan. Walikufa watu watatu, mmoja wao mama mjamzito.

Kwetu, mwishoni mwa Oktoba 2018, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam aliwataka wananchi wataje majina ya mashoga. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikasema ni maoni yake binafsi. Nilikuwa Kisarawe, kijiweni watu walitajana kwa utani. Utani gani, na sheria yetu inafika kifungo cha maisha?

Utaniuliza, na mafundisho je? Yapo palepale. Katekisimu namba 2357 inakataa matendo hayo, nami sifuti kitu. Ila 2358 inadai heshima, huruma, na kuepuka ubaguzi usio wa haki. Wengi tunaishia 2357, kama wale wanaotoka Misa kabla ya baraka.

Na Karoli Lwanga? Yeye aliwakinga vijana dhidi ya Kabaka Mwanga, mwenye nguvu zote, akachomwa moto tarehe 3 Juni 1886. Hakupeleka orodha ya majirani ikulu.

Yule kijana aliniuliza kama aache kwaya. Nikamwambia mazoezi ni Jumamosi saa kumi. Hakuja. Jumamosi iliyofuata alikuja, akasimama kwenye besi, mahali pake pa siku zote.