Ukimpenda Mshindani Wako, Umwachie Ashinde?

Katika riwaya za vijana zinazoandikwa Marekani kuna kisa kinachorudiwa mara nyingi. Vijana wawili wanapelekwa kwenye kambi ya likizo, msituni kando ya ziwa, wakae huko wiki kadhaa. Kambi inagawanywa katika timu mbili, kila moja na rangi yake, na timu hizo hushindana kuogelea, kupiga makasia, kukimbia na kuimba. Vijana hao wawili ni mahasimu. Wote ni wavulana, au wote ni wasichana, na kila mmoja amekuja kumshinda mwenzake. Kabla kambi haijafungwa, wamependana. Wasomaji wengi husubiri kuona kama wataambiana ukweli. Mimi nataka kujadili swali jingine: siku ya shindano la mwisho, je, anayependa anapaswa kumwachia mpenzi wake ashinde?

Huenda msomaji akauliza kwa nini nimechagua mapenzi ya jinsia moja, jambo ambalo katika eneo letu lina uzito wake. Sheria ya Uganda ya mwaka 2023, kwa mfano, imeweka kifungo cha maisha kwa tendo hilo. Nimechagua kisa hiki kwa sababu ndicho kinacholiweka swali langu wazi zaidi. Mvulana na msichana wanaposhindana, mila huwa imekwisha kuamua. Msichana ataambiwa ajishushe ili mwenzake asione aibu, au mvulana ataambiwa ampishe kwa ungwana. Simone de Beauvoir, katika kitabu chake cha mwaka 1949 kuhusu hali ya mwanamke, alieleza kuwa mapenzi ya kweli yanahitaji watu wawili wanaotambuana kuwa ni huru. Wasichana wawili wanaokimbia katika njia moja wakiwania medali moja hawana mila ya kuwaambia nani ampishe nani. Itawabidi waamue wenyewe.

Wapo watakaosema kuwa jibu ni rahisi: kupenda ni kujitoa. Mzazi akicheza bao na mtoto wake hujifanya ameshindwa, na hakuna anayemlaumu. Medali ya kambi ina thamani gani mbele ya furaha ya umpendaye? Hoja hii ina nguvu, na asiyeweza kuacha kitu chochote kwa ajili ya mwenzake hajui kupenda.

Hata hivyo, mfano wa mzazi una kasoro. Mzazi humwachia mtoto kwa sababu mtoto bado hajawa sawa naye. Ukimfanyia hivyo mtu aliye sawa nawe, umemgeuza mtoto bila kumuuliza. Tena umemdanganya, kwa kuwa ushindi aliokuwa akiutaka ni wa kukushinda wewe ukiwa umejitahidi, na huo hujampa. Umempa medali tu. Akija kujua baadaye, ataanza kujiuliza ni mambo gani mengine uliyomwachia kwa kumhurumia.

Sisi tunaosoma fasihi ya Kiswahili tunalifahamu jambo hili kupitia mashairi ya kujibizana. Katika karne ya 19 Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana na washairi wa Lamu, na maneno yao yalikuwa makali. Anayejibu hulazimika kulisoma shairi la mpinzani wake neno kwa neno, afumbue mafumbo yake, kisha aoneshe kuwa ameyaelewa. Pengine hakuna msomaji makini kuliko mpinzani. Mshairi angejibiwa kwa beti legelege za makusudi, angejua amedharauliwa. Nadhani ndiyo sababu uhasimu wa kambini unaweza kugeuka mapenzi: kila mmoja amemtazama mwenzake kwa makini kwa muda mrefu, akijua nguvu zake na udhaifu wake.

Maisha halisi pia yana mifano. Julie Chu wa Marekani na Caroline Ouellette wa Kanada walicheza hoki ya barafu katika Olimpiki 4, kuanzia mwaka 2002 hadi 2014. Ouellette alipata dhahabu mara zote 4. Chu alipata fedha 3 na shaba 1, na kila fedha aliipata baada ya kufungwa na Kanada katika fainali. Wanawake hawa wawili ni wapenzi, na mwaka 2017 walipata binti. Sidhani kama kuna anayeweza kusema kuwa dhahabu zile ziliwazuia kupendana. Tena itakuwa kumvunjia Chu heshima kusema kwamba Ouellette angelegeza mkono.

Ni lazima hapa nitofautishe mambo mawili. Kumwachia mtu kwa siri si sawa na kumpisha waziwazi. Ikiwa shindano lina ufadhili wa masomo ndani yake, na mwenzangu anauhitaji kuliko mimi, naweza kumwambia: mimi najitoa. Hapo anajua ninachofanya, na anaweza kukataa. Kujitoa kwa namna hiyo kunamheshimu. Kosa liko katika kujifanya nashindana huku nimekwisha kuamua matokeo peke yangu.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, asimwachie kwa siri. Najua jibu hili lina gharama. Kuna mapenzi yatakayovunjika siku ya matokeo, kwa sababu mmoja hataweza kustahimili kushindwa na ampendaye. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nadhani tunaweza kumwambia hivyo hivyo anayependa. Vijana wale wa kambini wakikimbia kwa nguvu zao zote, mmoja atatangulia na mwingine atafuata, na wote wawili watajua kwamba hawakudanganyana.