Kwao ni Wapi?

Rishi Sunak alipokuwa waziri mkuu wa Uingereza, Oktoba 2022, asili yake iligombaniwa. Wahindi walimwita mwana wao; Wakenya wakakumbusha kwamba baba yake alizaliwa Nairobi, na mama yake Tanganyika. Siichukii furaha ile. Kinachoniuma ni kwamba Waasia wa Afrika Mashariki, walipokuwa wakitafuta pa kuweka masanduku yao, hawakugombaniwa na yeyote. Mwaka 1968 Bunge la Uingereza lilitumia siku tatu kupitisha sheria ya kuwafungia mlango Waasia wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza hiyohiyo. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa wa Uganda siku 90 wawe wameondoka, na baraza la jiji la Leicester, Uingereza, likatangaza katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasiende huko.

Tuseme kwao mtu ni pale anapopatambua naye akatambuliwa. Maana hiyo yatosha. Ila ukiuliza mbona hawakutambuliwa, kuna jibu lisilokoma kurudiwa: walijitakia, kwa kuwa walishikilia pasipoti za mkoloni, mguu ndani mguu nje. Jibu hili linaigeuza hofu kuwa usaliti. Kenya ilipopata uhuru, uraia wa moja kwa moja ulimfikia aliyezaliwa nchini na mzazi aliyezaliwa nchini. Wengine wengi walipewa miaka miwili ya kuomba. Aliyesita miaka miwili, wajukuu wake wanalaumiwa hadi leo. Tena kama karatasi ndiyo kipimo cha moyo, mbona Uganda Waasia waliokuwa raia walipangishwa foleni wahakikiwe, wengi wakaambiwa hati zao ni batili? Na mbona pasipoti ya Uingereza haikumfaa mwenyewe mlangoni mwa Uingereza? Asiye na karatasi alikataliwa, na mwenye nayo alikataliwa. Kilichopimwa ni rangi.

Wapo wanaosema jamii hizi zilijitenga na kunufaika na matabaka ya kikoloni, na hilo ni kweli.

Lakini sikilizeni jikoni. Wagujarati wa Leicester na London waliopitia Afrika Mashariki huuita muhogo *mogo*, na njugu *jugu*. Sauti zimepungua kama nguo iliyofuliwa mara nyingi, ila kitambaa ni kilekile. Neno la jikoni halikaririwi ili kumridhisha afisa uhamiaji; hubaki kwa sababu mama alilitumia akiwa na kisu mkononi. Ushahidi wa namna hii naupa uzito kuliko mihuri.

Mwaka 2017 Kenya iliwatambua Waasia wake kuwa kabila la 44. Ni hatua kubwa kwa waliobaki. Lakini anayekaanga mogo Leicester, aliyeondoka Nairobi akiwa mtoto, amehesabiwa humo? Na kama hakuhesabiwa, ni nani aliyemtoa: yeye, baba yake aliyesita, au sisi?